King'ora Kilichotufungia Ndani

Kila asubuhi, kabla ya chai, mjukuu wangu Shida aliingiza mkono chini ya kitanda kutafuta fimbo yake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba tangu alipougua polio. Fimbo hiyo alichongewa na Kalombo, mlinzi wa shule. Hakuna aliyemwomba. Siku moja Kalombo alimwona mtoto akitembea kwa kushika kuta za nyumba za watu, akaenda kutafuta mti mgumu.

Mimi ni nyanya yake. Hapa Kolwezi, Kongo, watoto husema nkambo. Mama yake aliishi mjini Lubudi, akilima na kuwauzia mihogo wasafiri wa treni. Shida alikaa kwangu kwa sababu moja tu. Shule ilikuwa karibu.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, safu ya tatu ya nyumba. Shule ilikuwa nyuma ya safu ya mwisho. Mtu mwenye miguu mizuri alifika kabla uji haujapoa. Shida naye alifika, polepole, na hakuchelewa.

Jioni alinisomea. Alisoma maandishi yote yaliyoingia nyumbani: karatasi ya sabuni, mfuko wa unga, kopo la maziwa. Mimi nilijifunza herufi ukubwani, kanisani, kwa hiyo nilikosea mara nyingi.

"Nkambo, hapana," alisema. "Hii ni b. Haiko d. Angalia tumbo yake iko upande gani."

Nilimwangalia akisoma, nikawaza: huyu mtoto hatabeba mizigo, hatalima shamba kubwa. Kitabu ndicho kitakachomlisha.

Mwaka ule wezi walianza kuiibia shule yetu. Kwanza madawati yalipotea. Kisha ukapotea mlango. Halafu, siku ya Jumatatu, kiangazi kikianza, watoto waliingia darasa la tatu wakaliona anga. Mabati yote yalikuwa yameng'olewa. Hilo lilikuwa darasa la Shida. Wazazi walikata nyasi, wakaezeka darasa hilo kwa nyasi ili masomo yaendelee.

Mkaguzi wa shule akaja. Alivaa abakosti safi, suti isiyo na tai, akasimama mbele ya wazazi.

"Wananchi," alisema, "shule isiyo na usalama haiwezi kuendelea. Ninawapa muda mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Mkishindwa kuilinda, nitaifunga. Watoto watahamia shule kubwa ng'ambo ya barabara."

Barabara hiyo sote tuliijua. Ndiko yalikopita magari makubwa yanayobeba mawe ya shaba kutoka machimbo yaitwayo Mashamba. Gurudumu la gari moja lilikuwa refu kuliko mlango wa nyumba yangu. Dereva alikaa juu sana. Mtoto aliyekuwa chini karibu na gari, dereva hakumwona.

Nilisimama, nikamwita tata, yaani baba. "Tata Mukaguzi, mutoto wangu hatapita ile barabara."

"Mama, watoto ni wengi. Si wako peke yake."

"Ni kweli, tata. Na hata mumoja hatapita."

Wanawake walicheka chini kwa chini. Mkaguzi hakucheka. Alifunga mkoba wake, akaenda.

Juma lile lile wazazi walikutana na Mwalimu Kyungu, mkuu wa shule. Alikuwa mtu mwema. Watoto waliokuja bila kula aliwagawia mkate wake mwenyewe, akijifanya ameshiba. Lakini siku hiyo alikuwa na haraka. Aliogopa kupoteza shule.

Alfani alinyoosha mkono. Alfani alikuwa mfanyabiashara mwenye lori. Wazee wake walitoka mashariki, na duka lake lilikuwa mwanzo wa kambi. Wagonjwa wengi wa kambi yetu walifika hospitali kwa lori lake, na hakuna aliyelipa.

"Mi naenda Lubumbashi kila juma," alisema. "Naweza kuleta sirene ya umeme, kubwa. Naweza kuleta byuma bya madirisha, na mulango ya chuma na kufuli yake. Gari ni yangu. Sitaomba kitu."

Watu walipiga makofi. Sirene ni king'ora, chombo kinacholia kwa umeme. Shule gani nyingine ilikuwa nacho?

Ngoy Odile akaomba kusema. Alikuwa jirani yangu. Alifanya kazi katika mgodi wa chini ya ardhi, kwenye chumba ambako wachimbaji huchukua taa kabla ya kushuka.

"Tata Alfani, aksanti sana," alisema Odile. "Lakini tuulize kwanza. Tunaogopa nini? Mwizi? Moto? Magari? Na ile sirene ikilia, nani atasikia? Akisikia, atafanya nini?"

Mwanaume mmoja nyuma akasema, "Mama Odile, weye unachunga mataa ya bantu ba chini. Huku ni juu."

Watu wakacheka. Odile naye alicheka kidogo.

"Ni vile," alijibu. "Na bale ba chini banarudi juu kila siku, kwa sababu kuna muntu anauliza maulizo kama haya."

Mwalimu Kyungu akainua mkono. "Mama Odile, maulizo yako ni mazuri. Lakini mukaguzi anataka kuona kitu. Sirene ataiona. Byuma ataviona. Tuanze na bitu anaweza kuona."

Basi ikawa hivyo. King'ora kilifungwa juu ya nguzo. Madirisha yote yaliwekwa vyuma. Lango jipya lilisimamishwa kwenye ukuta wa uwanja, na kufuli yake ilijaa kiganja cha mkono. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, akapewa Kalombo, mlinzi. Watoto waliimba siku hiyo. Shule ilionekana kama benki.

Sasa, ili uelewe yaliyofuata, lazima uyajue masikio ya watu wa Kolwezi. Sisi tunaishi na ving'ora. Kimoja hulia wachimbaji wanapobadilishana kazi. Ukikisikia, unajua mume anarudi na unaweka maji ya bukari, ugali wetu, motoni. Kingine hulia kabla ya kulipua mawe katika mashimo ya Mashamba. Hicho kila mtoto hufundishwa akiwa bado hajui kuhesabu. Kikilia, acha mchezo. Ingia ndani. Funga mlango. Kaa mbali na dirisha. Ngoja mlipuko, kisha utoke.

Ilikuwa mchana wa kiangazi, wenye upepo. Watu walikuwa wakichoma nyasi porini kama kila mwaka. Mimi nilikuwa nje natwanga sombe, majani ya mihogo. Watoto walikuwa shuleni.

King'ora kikalia.

Niliuacha mchi ndani ya kinu, nikaingia nyumbani, nikafunga mlango. Nilisikia jirani wa kushoto anafunga wake. Jirani wa kulia pia. Safu nzima ya nyumba ilifunga milango. Nilikaa chini kando ya kitanda, mbali na dirisha, nikangoja mlipuko.

Mlipuko haukuja. King'ora kilizidi kulia.

Halafu nikasikia mkono unapiga milango, nyumba kwa nyumba, na sauti ya Odile.

"Tokeni. Haiko Mashamba. Ni masomo inaungua."

Masomo kwetu ni shule. Odile alikuwa anarudi kutoka kazini. Alisikia king'ora, naye alitaka kukimbilia nyumba ya karibu. Lakini alisimama akasikiliza. Sauti ilitoka upande mwingine, si upande wa mashimo. Akageuka, akaona moshi.

Cheche za moto wa porini zilikuwa zimeangukia paa la nyasi la darasa la tatu, na Mwalimu Kyungu akawasha king'ora.

Tulipofika, watoto walikuwa uwanjani, wamebanana kwenye lango. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Kalombo alikuwa amekwenda kwake kula, ufunguo ukiwa mfukoni. Aliposikia king'ora, na yeye alifanya kama sisi sote. Alijifungia ndani. Watoto wa darasa la nne, lililopakana na moto, walikuwa wamejaribu kutoka madirishani. Vyuma viliwazuia. Walimu waliwavuta mmoja mmoja kupitia mlango mwembamba, ndani ya moshi.

Akina mama tulishika lango kwa mikono. Halikutikisika.

Alfani akaja na lori, akiliendesha kinyumenyume. Alifunga mnyororo kwenye lango alilolileta yeye mwenyewe, akapanda, akalivuta mpaka likang'oka na nguzo zake.

Watoto wakatoka kama maji. Walikimbia kila upande. Waliingia nyumba za watu, walijificha nyuma ya vyoo, wengine walikimbia mpaka sokoni. Kila mzazi aliita jina la mtoto wake. Mimi niliita, "Shida," nikitazama kila uso.

"Mwalimu, Shida iko wapi?"

Mwalimu Kyungu alizunguka uwanja kwa macho. "Nilimuona anatoka," alisema. Kisha akasita. "Sijue, mama. Sijue kama nilimuona."

Fimbo yake ilikuwa imelala karibu na mlango wa darasa. Mwalimu aliiona, na mimi niliiona. Mwalimu akavua shati, akalilowesha, akafunika uso, akaingia kwenye moshi. Alitoka mikono mitupu. Akaingia tena. Paa likaanguka kipande, na mikono yake ikaungua akijikinga.

Shida hakuwamo. Alikuwa ameangukia langoni, na Mariamu, mke wa Alfani, alimwokota. Alimbeba mgongoni mpaka kwake, akamwosha macho, akampa maziwa. Nilimkuta ameketi juu ya mkeka, kikombe mkononi.

"Mama, unisamehe," Mariamu alisema. "Sikujua niambie nani. Nilisema nioshe macho yake kwanza."

Nilimshika mkono tu.

Hakuna aliyekufa. Lakini mwalimu wetu aliungua kwa kumtafuta mtoto aliyekuwa anakunywa maziwa.

Mkaguzi alituma neno. Atakuja kuifunga shule kabla ya likizo.

Tulikusanyika nyumbani kwa Mwalimu Kyungu. Alikaa kwenye kiti, mikono yake imefungwa bendeji mpaka viwiko. Wengine walikuwa wamechoka.

"Tukubali," alisema baba mmoja. "Bahamishe batoto. Tumeshindwa."

"Nani ameshindwa?" niliuliza. "Mi sijashindwa. Mutoto wangu alitoka ku moto. Sasa nimupeleke chini ya magari? Mukaguzi akifunga mulango, nitaweka mukeka inje ya masomo, na Shida atasomea pale. Aje anitoe."

"Na mi nitaweka yangu kando ya yako," alisema Mariamu.

"Na mi," alisema mwingine, na mwingine.

Mwalimu Kyungu alingoja watu wanyamaze. "Nilichagua kitu cha kuonyesha," alisema. "Sasa nataka kitu cha kufanya kazi. Mama Odile, rudia yale maulizo yako."

Odile alisogeza kiti chake mbele.

"Mwizi anataka bitu," alisema. "Moto inataka bantu. Tulifunga masomo kwa sababu ya mwizi, tukasahau moto. Kufuli ya kuzuia mwizi kuingia isizuie mutoto kutoka. Ku mugodi, fasi yote, kila mahali muntu anaingia, lazima akuwe na njia ya kutoka bila kungoja ufunguo ya mwingine."

"Basi tubaki bila mulango?" aliuliza Kalombo. Tangu siku ya moto alikuwa hainui macho. "Bezi watafurahi."

"Hapana, tata. Tuweke mulango inayofunguka kuelekea inje, na komeo ya mbao ndani. Muntu wa inje hawezi kuifikia. Mutoto wa ndani anainua tu. Na weye usiache kazi kabla mwenzako hajafika. Hata kama una njaa. Ku mugodi tunafanya vile."

"Sina mwenzangu."

"Utapata," alisema yule baba aliyetaka tukubali kushindwa. "Mi niko muzee wa pansio, kazi nilimaliza. Nakaa nyumbani bure. Tutapokezana."

Kalombo akainua macho.

"Na sirene?" aliuliza Alfani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sirene yangu ni ya kutupa?"

"Sirene yako ni nzuri, tata," alijibu Odile. "Fasi yake ndiyo haiko hapa. Hapa ikilia, bantu banaingia ndani. Tunataka kitu kikilia, bantu batoke."

Tulijaribu kipande cha reli. Mtu mmoja alikipiga shuleni, wengine wakasimama nyumba ya mbali. Waliporudi walisema, "Tulisikia, lakini tulizani ni fundi wa magari." Tulijaribu filimbi. Walisema, "Tulizani ni mupira." Ndipo Mariamu akasema:

"Mwizi akiingia ku nyumba ya muntu, mama anafanya nini? Anapiga sufuria na mwiko. Jirani akisikia, na yeye anapiga yake. Hakuna muntu anasikia sufuria anajifungia. Kila muntu anatoka na fimbo."

Tukatazamana. Jambo hilo tulilijua tangu utoto, na hakuna aliyelifikiria. Labda kwa sababu sufuria haitoki Lubumbashi.

Tuliamua hivi. Mwalimu atapiga karai kubwa la bati. Nyumba za karibu zitapokea kwa sufuria, kisha nyumba zinazofuata, mpaka kambi nzima ijue. Na mtoto yeyote asilipige karai kwa mchezo, kwa sababu mlio wa uongo huua masikio ya watu.

"Na kuna kitu kingine," alisema Odile. Alimwangalia Mwalimu Kyungu na mikono yake. "Kabla ya kushuka chini, kila muntu ku mugodi anatundika jetoni yake ku ubao. Ni kachuma kadogo, kana namba yake. Akirudi juu, anakamata yake. Mwisho wa kazi tunaangalia ubao. Jetoni ikibaki, muntu iko chini, tunajua ni nani, tunamutafuta. Ubao ikikuwa tupu, hakuna muntu anaingia kumutafuta bure."

Mwalimu aliitazama mikono yake, akasema, "Na walimu pia watatundika."

"Ku mugodi hata enjinia mukubwa anatundika."

Tulifanya kazi. Alfani alikiacha king'ora kwa shule moja ya Lubudi, karibu na kituo cha treni. Huko hakuna mashimo ya kulipua. Walipokijaribu, watu walitoka mbio kuuliza kuna nini, na Alfani alirudi akicheka. Kisha alileta mabati ya darasa la tatu, kwa sababu hatukutaka nyasi tena juu ya vichwa vya watoto. Kila bati tuliliandika jina la shule kwa rangi nyekundu, juu na chini. Bati lenye jina halina mnunuzi. Vyuma vya madirisha tuliviacha, lakini dirisha moja la kila darasa lilipewa bawaba na ndoano ndani, lifunguke kama mlango. Akina mama wanaouza karanga na vitumbua walihamisha meza zao hadi mbele ya shule, ili macho yasikosekane mchana kutwa.

Fundi alipoweka komeo la lango, Mwalimu Kyungu alimwita Shida.

"Inua," alimwambia.

Shida alijinyoosha. Hakufika.

"Shusha," mwalimu alimwambia fundi. Akashusha. Shida akajaribu tena, akalifikia, lakini lilikuwa zito. Fundi akalipunguza mbao. Mara ya tatu Shida aliliinua kwa mkono mmoja, mwingine ukishika fimbo.

"Sasa ni muzuri," alisema mwalimu. "Yeye akiweza, bote wanaweza."

Jetoni zetu zilikuwa za mbao, zimetobolewa tundu. Watoto waliandika majina yao wenyewe. Wale wa darasa la kwanza walichora. Mmoja alichora kuku, na mpaka leo anaitwa Kuku.

Mkaguzi akaja, na abakosti yake na mkoba wake. Langoni alimkuta Odile ameketi kando ya ubao. Mimi nilikuwa karibu, na meza yangu ya karanga.

"Jambo yenu," alisema. Akataka kupita.

"Jambo, tata," alisema Odile. Akampa jetoni iliyoandikwa MGENI. "Tundika hapa kwanza."

"Mama, mimi ndiye mkaguzi."

"Tunakujua, tata. Ndiyo maana hatutaki upotee."

Aliishika jetoni kwa vidole viwili, akaitundika kwenye msumari, akaingia. Alikwenda moja kwa moja darasa la nne. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu, akatoa karatasi zake, akaanza kuandika.

Mwalimu Kyungu alisimama uwanjani. Bendeji zilikuwa bado mikononi. Alishika fimbo ya karai, akapiga.

Nilichukua sufuria yangu, nikapiga. Mariamu akapiga. Nyumba ya kwanza ikapokea, ya pili ikapokea, safu ya tatu, safu ya mwisho. Kambi nzima ililia sufuria. Wanawake walitoka mbio, wengine na ndoo za maji vichwani, wazee wakiwa nyuma na majembe. Hakuna mlango uliofungwa.

Watoto walitoka kwa mistari, kila mmoja amemshika mwenzake bega. Shida alikuja na rafiki yake Agnès, ambaye kazi yake ilikuwa kutembea kwa mwendo wa Shida, si kumpita. Lango lilikuwa wazi. Kila mtoto alichukua jetoni yake, akasimama upande wa pili wa njia. Walimu wakachukua zao. Sufuria zikanyamaza.

Odile aliangalia ubao. Ulikuwa mtupu, isipokuwa msumari mmoja.

Alisoma kwa sauti. "Mgeni. Muntu mumoja iko ndani."

"Tumutafute," alisema Mwalimu Kyungu.

Tuliingia wanawake wengi, na sufuria zetu mikononi. Mkaguzi alikuwa bado anaandika. Aliinua kichwa.

"Akina mama, haya ni mazoezi ya watoto. Endeleeni."

"Tata," nilisema, "moto haiulizi kazi ya muntu. Toka."

"Nina kazi hapa."

"Na Mwalimu alikuwa na mikono. Bantu bote wanakungoja. Ubao inasema uko ndani."

Alituangalia, mmoja mmoja. Hakuna aliyesogea. Akakusanya karatasi, akatoka. Watoto walikuwa wamejipanga kimya ng'ambo ya njia, wakimtazama. Kalombo aligeuza uso ili asionekane anacheka. Mkaguzi alifika kwenye ubao, akaitoa jetoni yake, akaishika mkononi kwa muda mrefu.

"Kama ningekuwa ndani ya moshi," alisema polepole, "mngejua."

"Tungejua," alijibu Odile. "Na jina ya kuita tungekuwa nayo."

Aliomba aonyeshwe. Aliliinua komeo. Alifungua dirisha lenye bawaba. Alisoma jina jekundu kwenye bati. Aliuliza kuhusu king'ora alichosikia habari zake, na Alfani akamweleza yote, bila kuficha. Mwisho, mkaguzi alifungua mkono wake.

"Hii naomba niende nayo. Nataka kuonyesha shule nyingine."

"Hapana, tata," alisema Odile. "Ukienda nayo, kesho mgeni mwingine hatakuwa na yake. Uchonge ya kwako."

Nilidhani atakasirika. Alicheka, kwa mara ya kwanza. Aliirudisha jetoni mahali pake, akamshika Mwalimu Kyungu begani, pasipo na bendeji.

"Shule hii haifungwi," alisema.

Septemba Shida aliingia darasa la nne, nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba, bila kupita barabara yoyote. Sasa ananisomea vitabu, si karatasi za sabuni.

Wewe unayesoma haya, labda shule yenu nayo inataka kununua chombo cha ulinzi. Kinunueni, ni vizuri. Lakini kwanza simameni mahali penu, na masikio ya watu wenu, na mjiulize chombo kile kitawafanya watu wafanye nini. Kijaribuni kabla ya siku mbaya. Mwiteni mtoto asiye na nguvu, yeye ndiye atakayekijaribu. Na mlango wowote mnaoweka, hakikisheni watoto wanaweza kuufungua kutoka ndani.

Wezi walirudi, mwaka uliofuata, mchana wa likizo. Walileta ngazi ndefu, nzuri, ya mbao ngumu. Walipanda wakang'oa msumari wa kwanza. Mama wa vitumbua aliona, akapiga sufuria yake, na kambi ikapokea. Wezi walishuka kwa kuruka. Mmoja aliacha kiatu.

Ngazi tunayo bado. Kila mwaka tunaitumia kupaka upya rangi nyekundu kwenye mabati. Mwenyewe akiitaka, aje mchana. Tutampa jetoni, ataitundika, kisha tutazungumza.